Mizani

Kazi yangu ni kupima. Kilindini, lango la kutokea:
lori hupanda chuma, nasoma nambari,
natoa risiti, napaza sauti: Pita.
Miaka kumi na mmoja sasa, nami najua
hata lori tupu lina uzito wake.

Nyumbani, Mlaleo, dawa imelala jokofuni
kando ya barafu za ukwaju ninazouza dirishani.
Watoto wa jirani hubisha: "Shangazi, barafu!"
Nasogeza sanduku la sindano,
natoa mbili, narudisha chenji.
Hakuna aulizaye sanduku jeupe ni la nini.

Duru ya kwanza nilidungwa mia nne na hamsini
kila jioni. Lali akigonga bomba kwa kucha
mpaka povu litoke, mkono ukimtetema,
yeye achinjaye mbuzi bila kupepesa jicho.
Tumbo likafura, likatoka madoa ya samawati.
Siku kumi na mbili. Yai moja.
Nalo halikufika asubuhi ya tatu.

Safari hii Daktari Munira kaandika mia na hamsini.
Nikasoma tena. Nikamwambia,
"Umenipunguzia, au umenikatia tamaa?"
Akageuza kalamu, hakunijibu haraka.
"Ghala lako lina magunia machache," akasema.
"Nikileta makuli mia, magunia hayazidi.
Watapigana vikumbo tu mlangoni."
Nilitaka kumchukia.
Lakini hiyo ni lugha ya bandarini,
na mtu hubishana vipi na lugha yake?

Mama mkwe ana hesabu zake: habasoda asubuhi,
kombe jioni. Nanywa vyote.
Sista Kadzo akiuliza natumia nini kingine
nasema, "Maji."
Si uongo. Kombe nalo ni maji.

Nukta tatu, ndiyo akiba yangu kwenye karatasi.
Si tatu. Nukta tatu.
Mizani yangu haiwezi kuisoma;
ile huanza kuhesabu kwenye kilo ishirini.

Leo ni sindano ya mwisho, ya kupevusha.
Saa nne na nusu usiku, isipite hata dakika,
maana kesho kutwa, saa nne na nusu asubuhi,
watakuja kuvuna.
Na zamu ni yangu.
Saa nne na dakika ishirini na nane lori linapanda,
la Malaba, shehena ya ngano.
Namwonyesha dereva kiganja: ngoja.
Naingia chooni, mlango nauzuia kwa mguu,
nabana nyama ya tumbo, nadunga, nahesabu hadi kumi.
Anapiga honi. Anapiga tena.

Vifuko viwili, alisema Kadzo,
kushoto kimoja, kulia kimoja,
milimita kumi na nane, milimita kumi na sita.
Kutwa nzima nimetembea
kama mtu apandaye ngazi na bakuli la mchuzi.

Natoka. Nanawa. Nasoma nambari.
"Imezidi?" dereva ananiuliza.
"Haijazidi. Pita."

Lori linashuka. Tarakimu zinacheza kidogo
kabla ya kurudi sifuri,
nami nasimama pale nikiziangalia
mpaka lori la nyuma liniwashie taa.