Mkono Usio na Mwenyewe

Baba aliirekodi usiku wa theluji,
kachutama mbele ya deki kama anayeotea panya,
kidole juu ya kitufe, ayaruke matangazo.
Mengine yalimponyoka. Hadi leo
garimoshi haliingii stesheni kichwani mwangu
bila sauti ya mtu kutaja bei ya magodoro.

Kwenye lebo aliandika kwa wino, kwa Kislovakia,
herufi zimelala kama walivyomfunza kijijini:
MUZIKI. USIFUTE.

Ondro akafuta.

Si yote. Dakika nne, katikati, besiboli:
jamaa anapiga mpira, uwanja mzima unasimama,
kisha, pwaa! binti wa tiketi karudi,
gauni la njano halipo, amevaa jeusi,
na anaimba kama mtu aliyekwisha kulia.

Pale katikati palijulikana na baba peke yake.
Filamu aliiona mwaka hamsini na nne,
jumba la Mtaa wa Federal, viti vya mahameli,
tanuru la chuma bado halijamla sikio la kulia.
Basi mpira ukipigwa, naye huyo, wima,
soksi za sufu juu ya zulia:
"Hapa anapata barua.
Hapa anaificha ndani ya kiatu.
Hapa anacheza, lakini mguu mmoja hautaki."
Na kweli, mguu wake mmoja haukutaka.

Halafu kulikuwa na ule mkono.
Wimbo wa pili, binti anakatiza ukumbi wa stesheni,
na ukingoni mwa runinga unachomoza mkono,
hauna bega, hauna uso, unampa kofia.
Anaipokea bila kutazama.
Mkono unarudi ulikotoka.
"Wa nani?" niliuliza, nina miaka sita.
Mama, kisu kwenye kiazi: "Wa Mungu."
Baba: "Wa mwenye kofia."

Baba alipozikwa nilinunua diski.
Imesafishwa, walisema, rangi kama siku ya kwanza.
Sikuitoa kwenye nailoni yake.
Dakika nne zile
sikuwa na haraka nazo.

Kisha Oktoba hii jumba likafunguliwa upya,
mahameli mapya, harufu ya rangi na bisi.
Tulikuwa watu kumi na mmoja.
Ondro alikuja na upara wake
na ndoo ya bisi kubwa kuliko kosa lake.

Pazia likaenda, likaenda, likazidi kwenda.
Sikujua kwamba stesheni ile ina madirisha.
Wimbo wa pili. Mkono ukachomoza
na nyuma yake kiwiko, bega, shingo,
kijana mwenye masikio ya kujitegemea,
kachelewa hatua moja, anacheka
kwa kuwa kofia imefika.
Miaka yote hiyo alikuwa kasimama
futi mbili nje ya sebule yetu.

Nikashika mkono wa kiti. Zinakuja.
Kwa mazoea masikio yangu yalingoja mpira.
Hakuna mpira. Hakuna barua.
Kiatu ni kiatu tu.
Mhudumu anajikwaa, kahawa inamwagikia gauni la njano,
watu wanacheka, mpishi anamwazima jeusi lake.
Ndiyo basi. Dakika nne za kahawa.

Ondro akanigeukia gizani,
yeye, mfutaji mwenyewe:
"Barua iko wapi?"

Tulibaki mpaka majina yakaisha,
tukimtafuta mwenye kofia.
Hayumo.

Nje, kwenye maegesho, mvua ya theluji ikinyunya,
kaka yangu, kilo mia na ushee,
alisimama kati ya magari mawili,
akakunja magoti, akakamata gongo lisilokuwepo,
akalizungusha kwa nguvu zake zote.

Nami nikaweka mkoba juu ya boneti,
nikavuta pumzi, nikaanza:
"Hapa anapata barua."