Kitambaa cha Kila Siku

Kompyuta ilinionyesha tarehe ya kufa kwake:
baada ya Oktoba, ilisema, usitarajie huduma tena.
Nilisoma chai ikiwa mkononi, nikacheka.
Miaka thelathini na mmoja nilikagua vitambaa
kiwandani, hapahapa Łódź.
Mashine iliyochoka naijua kwa mlio.
Hii haijachoka.
Imechokwa tu.

Jumamosi akaja Ksawery, mjukuu wa dada yangu,
na flashi nne zikigongana mfukoni.
Akazipanga mezani, kando ya mtungi wa matango ya siki.
"Bibi, hii ni Arch. Unaijenga mwenyewe, tofali kwa tofali."
Nikamwambia nyumba ninayo.
"Hii Fedora. Kila kitu kipya."
Kipya kinyemi ingawa kidonda, nikamjibu,
na kidonda ninacho tayari, gotini.
"Hii Debian. Haina haraka."
Hapo nikavuta kiti karibu.
"Na hii imepewa jina la jani la nanaa."
Nikainusa.
Ilinuka tumbaku, naye aliniapia ameacha.

Debian ikawaka, tulivu, kijivu, kama asubuhi ya Novemba.
Ila waifai haikuiona kabisa,
kana kwamba jirani wote wamehama usiku.
Nanaa nayo vilevile.
"Ni kadi," akasema kijana, "ina siri zake,
na aliyeitengeneza hataki kuzisema."
Nikawakumbuka mafundi wa zamani wa kiwandani,
waliozikwa na vipimo vyao kichwani.
Bawaba ya skrini nayo nilikuwa nimeishona
kwa uzi wa nailoni, mishono kumi na miwili.
Akaitazama mishono, akanitazama mimi.
"Tununue nyingine, Bibi."

Yeye aliitaka ile nyembamba ya dirishani,
iliyogandishwa kwa gundi pande zote.
Nikauliza: betri ikifa, naifungua kwa nini?
Muuzaji akatabasamu kama mtu aliyeulizwa umri.
Tukatoka.

Kwa Hieronim, nyuma ya stesheni,
zimerundikwa mashine za ofisi zilizofungwa.
Moja ina karatasi mgongoni: Chumba 14.
Kifuniko kimechubuka, pembe moja imebonyea,
lakini chini ina skrubu saba, zote zinaonekana,
na bisibisi yangu inazifahamu.
Ksawery akataja gigabaiti, akataja viini vya prosesa.
Mimi nilifumba macho,
nikapitisha vidole juu ya kibodi
jinsi nilivyopitisha juu ya sufi na pamba
kutafuta uzi uliokatika.
Hapakuwa na uzi uliokatika.
Palikuwa na mtu: herufi E imelainika,
fulani aliandika sana, akaondoka.

Kumbukumbu nane, zatosha?
"Za barua ya pensheni, picha, na redio? Zitabaki."
Basi funga.

Nyumbani tuliweka ya nanaa. Dakika kumi na tisa,
matango yakapungua nusu mtungi.
Kibodi ilitoka Ujerumani,
herufi ya mji wangu haikuchorwa popote,
wala iliyo ndani ya jina langu.
"Shikilia hiki, Bibi, gonga L."
Ikatoka, ufito umekatiza kiunoni: ł.
Nikaandika Bogumiła, polepole, mara mbili.
Kumbe nilikuwemo muda wote, chini ya herufi nyingine.

Ile ya zamani sikuitupa.
Ina Debian, imefungwa waya ukutani,
inaniimbia redio ninapomenya viazi.
Printa inakataa rangi ya njano; tutaonana nayo.

Lakini Ksawery alisahau flashi moja.
Usiku, goti likininyima usingizi,
niliichomeka.
Skrini nyeusi, na kistari kimoja
kikipepesa, kikipepesa,
bila picha, bila karibu, bila kuniuliza jina.
Nikakaa nacho kitambo
kama unavyokaa na mgeni msiyejuana lugha,
halafu nikagonga herufi moja tu,
nione kama kitasogea.

Kilisogea.