Dawati la Mizigo Iliyopotea

Saa kumi za jioni, Yanina inapovua viatu,
mimi ndiyo kwanza navaa sauti ya asubuhi.
"Habari za kuamka," naiambia Winnipeg,
na nje ukungu unatoka ziwani
pole pole, kama mtu anayepapasa ufunguo gizani,
unameza kivuko, unameza mierebi,
unameza kile kisiwa ambacho watu wa hapa
hawajakipa jina: wanakiita Kisiwa, basi.

Kazi yangu ni mizigo iliyopotea.
Siioni. Siigusi.
Naijua kwa maneno tu: begi la bluu, gurudumu moja bovu,
utepe mwekundu aliofunga mama,
suti ya harusi iliyotua Lima
ilhali bwana harusi yuko Oslo na kaptura.
Naandika: Pole sana. Tunafuatilia.
Vidole vyangu vimesema pole
kuliko kinywa changu tangu kizaliwe.

Chini yangu anakaa Bi Poliksení, mjane wa mfua fedha.
Yeye alinipigia hesabu mapema:
msichana huyu asubuhi amelala,
mchana ananunua mkate nusu,
usiku taa inawaka hadi saa sita, anaongea peke yake
kwa lugha ya watu.
Hana kazi. Labda na akili pia.

Zikaanza kuja sahani.
Pai ya mboga mwitu. Maharage. Siku moja mkunga wa ziwani
aliyekaangwa, bado kajikunja kama swali.
"Bi, mimi nina kazi," nikamwambia. "Kampuni iko Kanada."
Akatazama meza, kompyuta, paka asiye wangu.
"Iko wapi?"
"Kanada."
"Na wewe uko wapi?"
"Hapa."
"Kula kwanza," akasema.

Wiki iliyofuata alikuja na habari njema:
Stergios wa tanuri anatafuta muuza mikate,
nimekusemea, usiniaibishe.
Sikukataa palepale.
Kazi yenye harufu, nani asiyeitamani?
Yangu hata vumbi haina.

Kisha ikaja Februari, mvua siku tatu,
ziwa likapanda hadi kwenye mabenchi.
Saa nne usiku akabisha, amevaa koti la marehemu,
safari hii hana sahani.
Akakaa kitandani, mikono magotini,
kama watu wanavyokaa ofisini.

"Hiyo kazi yako. Mnatafuta vitu?"
"Tunatafuta."
"Hata vya zamani?"

Sanduku la kadibodi, rangi ya kahawia,
limefungwa kamba ya nguo.
Kituo cha treni, Munich, mwaka sabini na moja.
Alikuwa akirudi, miaka minne ya kiwanda cha betri,
na mtoto alimwacha kwa mama yake, hajaota meno yote.
Ndani: blanketi. Sabuni sita. Redio.
Viatu vya mtoto, vyeusi, vyenye kifungo,
alivyokisia ukubwa wake kwa kiganja.
"Nikafika mikono mitupu.
Akajificha nyuma ya sketi ya bibi yake. Mimi mgeni."

Nikafungua fomu mpya.
Rangi, ndiyo. Kamba, ndiyo. Thamani?
Akafikiri sana. "Andika unavyoona."
Nilipofika kwenye tarehe mfumo ukagoma:
orodha ya miaka haishuki huko.
Nikajaribu tena. Ukagoma.

Nikachukua kalamu na karatasi iliyofungia mkate,
nikaandika yote, mstari kwa mstari,
nikampa namba, kwa sababu lazima kuwe na namba.
"Pole sana, Bi," nikasema,
na neno likatoka zito, kavu, halijazoea mdomo.

Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa koti.
"Itachukua siku ngapi?"

Kompyuta ilikuwa inalia. Huko ni mchana, watu wamesimama
mbele ya ukanda unaozunguka bila kitu.
Nikaiacha ilie.
"Tunafuatilia," nikasema,
nikasogea kitandani, nikakaa.