Matangazo ya Saa Kumi na Moja

Karatasi waliyoniachia ina maneno tisa
yasiyosomwa hewani.
"Kutekwa" ni la kwanza.
"Kupotezwa" la tatu, limepigwa mstari mara mbili.
Afisa alikunywa kahawa yetu chungu,
akasifu kashata,
akaondoka na kinasa sauti na nyaya zake zote.
Mhariri yuko Mokowe tangu Jumanne,
"anasaidia uchunguzi".
Nimebaki na matangazo madogo:
vifo, nikaha, vitu vilivyopotea,
shilingi mia mbili, maneno yasizidi thelathini.

Bi Rukia Famau alikuja na noti
kazifunga kwenye upindo wa leso.
Mwanawe Shekuwe, fundi simu wa Langoni,
alichukuliwa kabla kafyu haijaisha
na watu wa viatu vizito
waliomwita kwa jina la kitambulisho.
Alitengeneza simu ya mtu.
Mtu yule, yasemwa, ana nduguye msituni.
"Simu ina ndugu?" aliniuliza.

Nikamwonyesha ile karatasi.
Akaitazama kama bili ya stima.
Kichochoroni punda akalia, akakatiza, akalia tena.
"Basi andika," akasema. "Andika punda."

Saa kumi na moja nikasoma:
Amepotea punda, rangi maji ya kunde,
kovu juu ya jicho la kushoto,
mpole, hajampiga mtu teke.
Alikuwa mlangoni kwao, kamba imekatwa kwa kisu.
Huitikia jina Sheku.
Atakayemwona, kwa hali yoyote, amwambie mamake.

Bi Rukia, kwenye benchi, alijifunika uso:
"Mola nisamehe, mwanangu nimemwita punda."

Kesho yake wakaja wanne.
Punda wa Wiyoni, amehifadhi juzuu kumi.
Punda wa Mkomani, mkewe ana mimba ya miezi saba.
Punda wawili wa tumbo moja.
Sikuuliza kitu.
Nilihesabu maneno, nikakata risiti.

Ijumaa afisa akarudi. Kahawa hakuigusa.
"Lamu hii ina punda wangapi?"
Nikamwambia, afande, hawajahesabiwa,
idadi yao tunaijua wakipungua.
Akaomba kalamu yangu,
akaandika neno la kumi.

Leo, mlango sijaufungua vizuri,
Bi Rukia yuko pale pale benchini,
upindo umefungwa upya.
"Na mbuzi," ananiuliza,
"mbuzi je, yeye bado?"