Karatasi ya Ijumaa

Miezi minne niliipanga kazi hii
nyuma ya daftari la madeni,
mahali ambapo Andayi, mwenye mashine, hafiki:
yeye huishia kwenye majina ya wanaodaiwa.

Nilianza na jina, kama wazazi wenye pupa
wanaomwita mtoto kabla mimba haijaonekana.
Sauti ya Chavakali. Nikalikata.
Nani alinipa Chavakali nzima niisemee?
Mwenge. Nikalikata, shule tatu zinaliita hilo.
Kioo nikalilaza siku mbili, kisha nikalikata,
maana kioo changu nyumbani kina ufa
na mimi hujitazama upande mmoja tu.

Nikachora ratiba kwa rula:
Januari, kilimo. Februari, afya.
Machi, ushauri wa ndoa,
mimi, ambaye hata paka alinihama.

Kageha dada yangu aliisoma, akacheka hadi akakaa.
"Mideva, kwani wewe unajua nini?"
Aliuliza bila ubaya, akimenya ndizi,
nami nikaenda kazini na swali hilo
kama kokoto ndani ya kiatu.

Najua nini.
Najua mkanda wa mashine unavyonuka kabla haujakatika.
Najua mahindi mabichi kwa mlio tu,
yanavyonung'unika badala ya kucheka.
Najua mtu aletaye debe zima mwezi wa nane
na nusu gorogoro mwezi wa tano,
anavyoifunika ile nusu kwa leso ya buluu
kama amembeba mtoto mgonjwa.

Alhamisi usiku nikaandika hilo la leso.
Ukurasa mmoja, herufi kubwa,
za kusomwa na mtu aliyesimama na mzigo.
Alfajiri nikaubandika mlangoni kwa uji mzito.

Msomaji wangu wa kwanza alikuwa mbuzi wa Ambani.
Alianzia kichwa cha habari, akala hadi nukta ya mwisho.

Ijumaa ya pili nikaandika upya, nikatumia misumari.
Walisimama watu wanne.
Watatu walikuwa wanakinga mvua.
Wa nne, mwalimu Vugutsa, mstaafu,
alitoa kalamu nyekundu mfukoni
akanisahihishia "dhamani" ikawa "thamani",
akaenda zake bila salamu.
Niliumia hadi saa sita.
Saa sita na nusu nikafahamu:
huwezi kusahihisha usichokisoma.

Nikawa napigilia mpya juu ya kuukuu.
Ya tatu ilikuwa ya mkanda. Ya nne sitaki kuitaja.

Ijumaa ya tano alikuja Khavere.
Aliweka mkebe wake chini,
akazifunua karatasi moja moja kama sufuria za jirani,
akafika chini kabisa, akasoma, midomo ikicheza.

"Huyu ni mimi."
"Sikutaja jina."
"Najua hukutaja. Basi mbona nimejiona?"

Nikaizima mashine, mahindi ya watu yakiwa mdomoni mwake.
Kimya kikatuangukia sote na vumbi lake jeupe.
Foleni nzima ilinitazama.
Nilitafuta neno, na mimi ndiye niliyejiita mwandishi.

Khavere aliinama, akaitoa leso juu ya mkebe,
mbele ya kila mtu, ile nusu ikionekana,
akaikunja mara nne, akaitupia begani.

"Si ya buluu," akasema. "Ni ya kijani. Rekebisha."

Nilirekebisha mbele yake. Mkono ulitetemeka,
"kijani" ikatoka kama imeandikwa juu ya punda.

Jina sijalipata hadi leo. Walilipata wao.
Mtoto akitumwa unga huambiwa,
"Na usome ile ya mlangoni, uje utuambie."

Ratiba bado ipo, nyuma ya madeni.
Machi ilipita. Ndoa zinaendelea bila mimi.
Leo ni Alhamisi, taa ina mafuta ya nusu saa,
na Kageha, aliyecheka hadi akakaa,
amebisha hodi mara mbili
kuuliza kama kesho ni yeye.