Pingili ya Sita

Nebraska, Februari, dirisha limeganda.
Bi Zdenka Kubat kanilaza kifudifudi
juu ya meza inayonuka ngozi na kafuri.
Vidole vyake vyahesabu mgongo wangu
kama mtu atafutaye swichi gizani.

"Hii hapa. Ya sita, ya kifua.
Haikuvunjika, haikuteguka; imegoma.
Nyingine zikiinama, yenyewe yakaza shingo,
imeubana mshipa wa fahamu mlangoni,
na tumbo lako, Orpha, halipati habari."

Miaka kumi na mmoja nimekaa ubao wa simu,
nachomeka waya, nachomoa:
mjane amtafuta muuza makaa,
mkunga atafutwa na watu watatu kwa mpigo.
Najua waya ukilegea
nyumba nzima hunyamaza
na ndani yake hakuna aliyekufa.

Kwa hiyo nikamwelewa. Kuelewa si kuamini:
daktari wa Omaha alicheka hadi miwani ikamteleza,
mfupa ni mfupa, akasema, na kiungulia ni kahawa.

Bi Zdenka hakubishana. Aliegemea.
Ka!
Mlio mdogo, barafu nyembamba chini ya kiatu.

Niseme kweli: sikupona.
Usiku kiungulia kilirudi, kilekile, na viatu vyake.
Lakini shingo iligeuka hadi dirishani,
upande nisioutazama tangu mavuno,
nikaona theluji imekoma, kumbe zamani,
na nguzo za simu
zaelekea kwa watu, moja moja,
moja imeinama kidogo.