Nailoni

Mwaka ule saruji ilipanda bei kila Jumatatu,
na Ntahondi, mwenye kiwanja, alihesabu kila kitu
hata misumari iliyopinda.
Nikamwambia, bado nailoni ya msingi.
Akauliza, itaonekana?
Nikasema hapana, itafunikwa.
Akasema, basi kisichoonekana hakinidai.

Nikacheka. Hilo ndilo ninalolikumbuka, kwamba nilicheka,
nikapanga tofali la kwanza juu ya msingi mtupu.
Kipovu cha pimamaji kikatulia katikati, timazi ikaning'inia sawa.
Ukuta ulinyooka kama askari wa gwaride
aliyesimama na miguu yake ndani ya maji.

Na Katubuka nani asiyejua maji yanakaa wapi?
Ukichimba choo yanakusalimu hujafika kiunoni.

Juzi nimeitwa tena.
Mpangaji wa chumba cha tatu, Mama Yoramu,
muuza mawese kwa chupa kule Mwanga, aliniita nipake rangi tu.
"Nimechoka kuishi na ramani," alisema.

Nilipoingia, pua ilitangulia macho:
harufu ya gunia la mihogo lililosahauliwa stoo,
ya shati lililokunjwa likiwa bichi.
Kisha ule weusi. Umetoka sakafuni, umepita kimo cha kitanda,
madoa kama mbegu za papai,
mengine yameshaota manyoya ya kijani.
Daftari za mtoto zimevimba.
Dirisha limezibwa kwa kiroba; mbu, alisema, na wezi wa simu.
Nikagusa lipu kwa kidole kimoja.
Ikaja yote, laini, kama ugali uliolala.

Yoramu alikuwa ndani ya neti. Miaka sita.
Amelala, lakini anapumua kama anayepanda mlima,
kila pumzi na filimbi yake.
Nikadhani ni treni ya Tabora inaaga stesheni.
Haikuwa treni.

"Zahanati tumekwenda mara nne.
Mara tatu dawa ya maji. Ya nne, nesi
akaweka kalamu chini, akaniuliza, mnalala wapi?
Nikasema Katubuka. Akasema, sikuulizi mtaa.
Nakuuliza, mtoto kichwa chake kinaelekea ukuta gani?"

Rangi nilikuwa nayo, nyeupe, ndoo nzima.
Ntahondi ameilipia. Kila mwaka huilipia:
Juni ukuta bibi harusi,
Januari umeshavua.
Kazi ya saa mbili, na hela yake si haba.

Nikafunika ndoo.
Nikamwambia yule mama neno ambalo fundi hasemi:
ukuta huu niliujenga mimi.
Hakujibu. Aliitazama mikono yangu,
akaendelea kukung'uta shuka.

Leo nimebandua lipu hadi usawa wa kifua.
Nje nimechimba mfereji, maji ya bati yasianguke
mguuni pa nyumba. Kiroba nimekitoa, nimepigilia wavu,
na upepo wa ziwa ukaingia bila hodi.
Kesho naanza kazi yenyewe:
tofali mbili nje, nailoni ndani, tofali mbili zirudi,
kisha mbili nyingine, ukuta mzima,
kama kumvisha viatu mtu aliyesimama.

Ntahondi kapiga simu. Nani kakutuma? Nani analipa?
Nikamwambia nailoni nanunua mimi, ni deni la zamani.
Saruji ni yako.
Akakata.
Akapiga tena: mifuko mingapi?

Jioni Yoramu aliniuliza tembo wake yuko wapi,
lile doa kubwa lililokuwa juu ya mto.
Nimembandua, nikasema.
"Atarudi?"
Nikamkatia kipande cha nailoni ashike.
Akakiweka usoni, akatazama mlango,
mama yake, mimi.
"Naona ukungu," alisema, akacheka,
akakohoa, akacheka tena.